Usimwage hao kambare kesho, pima kwanza!

Wee simama hapohapo! Umesema perege wako 600 ndo wana wiki mbili tu bwawani, halafu muuza vifaranga kakwambia uchanganye na kambare 60 "wakupunguzie watoto". Watoto gani? Perege wa wiki mbili yeye mwenyewe ndo mtoto, watakaoliwa ni haohao uliolipia.

Mi niliambiwa hivohivo, na jamaa anaongea kwa kujiamini utadhani kazaliwa bwawani. Nikamwaga perege 800 saizi ya kidole, siku hiyohiyo kambare 50 wenye urefu wa kiganja, nikajiona mtaalamu. Wiki ya kwanza nikirusha chakula asubuhi maji yanachemka. Wiki ya tatu narusha, punje zinaelea tu mpaka upepo unazisukuma pembeni, nikasema labda leo maji baridi, kesho yake nikasema labda chakula kimevunda, yaani sababu zote nilikuwa nazo isipokuwa ile yenye masharubu. Nakuja kukausha bwawa nahesabu perege 71. Sabini na moja! Kambare wamenenepa kama bwana harusi, na wenyewe hawafiki 50 tena maana wakubwa walishawala wenzao. Nampigia muuzaji ananijibu "kaka, si kambare wamekua lakini?" Nikakata simu kabla sijatukana.

Sasa sikia, kambare anaingia wa MWISHO na anaingia akiwa MDOGO kuliko perege. Basi. Subiri perege wafike saizi ya kiganja, kwenye mwezi wa pili au wa tatu tangu uwamwage utaanza kuona vitoto vinaogelea kwa makundi pembeni, au unashika jike anatema mayai mdomoni, hapo ndo unaleta kambare saizi ya kidole, mdomo wake unameza kitoto ila mzazi haumwenei. Chagua kambare wanaolingana wao kwa wao, la sivyo watatafunana. Na usijisahau ukachelewa sana, perege wakizaliana bila wa kuwapunguza wanajaa, wanabaki vidole vitupu, utavua mboga ya paka.

Rula unayo? Toa perege watano na kambare watano, pima, weka namba hapa kabla hujamwaga kitu. Mambo ya mbolea na neti ya ndege uliyouliza tutaongea baadaye, hangaika na hao sitini kwanza.