Matandazo ya Bustani: Angalia Uani Kwako Kabla Hujanunua

Wiki hii nimepata ujumbe wa dada mmoja wa Singida. Ana matuta ya nyanya na sukuma wiki nyuma ya nyumba, maji ananunua kwa dumu, na fundi seremala wa mtaani kwake anamuuzia maranda kwa gunia. Anauliza afunike udongo wa matuta kwa kutandaza hayo maranda, atafute pumba za mpunga, au ajikusanye anunue ile plastiki nyeusi anayoiona kwenye mashamba ya matikiti. Nimeshamjibu, lakini najua hayuko peke yake.

Mimi niko Dodoma. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, halafu zinafuata jua, upepo mkavu na mgao wa maji. Tuta lililo wazi ulimwagilie alfajiri, ukitia kidole saa nane mchana unakutana na vumbi. Nilianza kutandaza majani ya mwarobaini kwa sababu mti ninao uani na majani yanadondoka bure.

Kilichonisumbua mwanzoni ni maneno ya watu. Tumelelewa kwamba uwanja safi ni ule uliofagiwa mpaka ukabaki na mistari ya chelewa, na kwamba jani likidondoka lizolewe, lichomwe. Jirani yangu, mama ninayemheshimu, alisimama kwenye uzio akaniambia mbele ya wageni wangu, "Mwanangu, humo utafuga nyoka. Mwanamke mzima unakaaje na takataka namna hii?" Wageni wakacheka. Sikumjibu, ni mkubwa kwangu. Ila liliniuma, na hadi leo nikilikumbuka linaniuma, maana nilijua ninachokifanya. Kwetu kwa upande wa mama ni Kagera. Kule Wahaya hukata nyasi kwenye rweya, yaani mbuga ya nyasi, wakazibeba mpaka kwenye kibanja, shamba la nyumbani, migomba na kahawa vikakua juu ya tandiko nene, na hakuna anayeliita uchafu.

Basi Septemba iliyopita, wakati mboga mtaani zimekauka na fungu la mchicha sokoni limekuwa dogo mno, mama yule yule alimtuma mjukuu wake kwangu kuomba mboga. Nikamchumia. Kesho yake akaja mwenyewe, nikamfunulia majani kwenye tuta la nyanya aone. Chini kulikuwa na udongo mweusi wenye unyevu, nyungunyungu wamejikunja, na vijizizi vyeupe vya nyanya vimepanda mpaka juu kabisa, vimeshikana na majani yaliyoanza kuoza. Hakusema neno. Siku hizi majani ya mwembe wake hayachomwi tena. Nimefurahi, siwezi kuficha.

Sasa kuhusu kuchagua. Tandazo zuri kwanza ni lile lililo karibu nawe, lakini si kila kilicho karibu kinafaa kila tuta.

Maranda ndiyo yanayoangusha wengi. Ukiyachanganya na udongo, vijidudu vinavyoyaozesha huchukua naitrojeni, chakula cha mimea, iliyomo humo, na mboga zako zinageuka njano huku unamwagilia kila siku. Watu hudhani ni ugonjwa, wanakimbilia duka la dawa. Dada wa Singida nilimwambia yabaki juu tu, tabaka jembamba, chini yake atangulize samadi iliyoiva, na akimaliza kuvuna asiyalime kuyafukia. Mahali pake hasa ni kwenye njia katikati ya matuta na chini ya miti ya matunda. Kwa sukuma wiki angetafuta nyasi kavu.

Pumba za mpunga zinadumu, haziozi haraka, na hazizibi maji. Lakini ni nyepesi, na upepo wa Julai huku kwetu unazihamishia kwa jirani. Ukizitumia, zilowanishe mara tu ukishazimwaga, na juu yake tawanya majani mazito. Kwa mabua ya mtama uwe makini. Yanatoa kemikali zinazodumaza miche midogo, kwa hiyo yaweke kwenye mimea iliyokwishashika, usiyaweke mahali ulipotoka kusia mbegu. Tena mchwa wanapenda vitu vikavu na vigumu kama hivyo. Yakatekate, yapate maji, yasikae karibu na shina.

Plastiki nyeusi inazuia magugu na kutunza maji, sikatai. Inafaa mwenye mipira ya matone chini yake, kwa sababu ukitumia ndoo na kopo utamwagilia juu ya plastiki. Haiurutubishi udongo, na jua likishaipiga inachanika vipande unavyoviokota misimu na misimu. Kwa bustani ya nyumbani sioni haja ya kutoa hela yako huko.

Chochote utakachochagua, mwagilia kwanza mpaka udongo ushibe, ndipo utandaze. Ukitandaza juu ya udongo mkavu, maji kidogo unayoleta yanaishia kwenye majani. Unene wa vidole vinne unatosha kwa nyasi na majani. Acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina, lisije likaoza. Kwenye nyanya faida utaiona upesi: unyevu ukiwa haupandi na kushuka ovyo, kale kaugonjwa ka kitako cha nyanya kuoza kanapungua sana, na matone ya maji hayarushi tena udongo na vimelea vyake kwenye majani ya chini. Na lile gugu la ndago usidhani utalifunika kwa majani, linayatoboa. Ling'oe na vitunguu vyake vya chini ya udongo kabla hujatandaza.

Ndugu zangu, tunalalamika maji, tunalalamika mbolea imepanda bei, halafu kila asubuhi tunawasha moto chakula cha udongo wetu, moshi unaingia ndani kwa watoto. Tunamwogopa nani? Jirani atacheka, mwache acheke. Wewe ndiye unayelipia lile dumu.

Na kama unategemea nyasi, usisubiri kiangazi ndipo uende kuzitafuta. Zikate Machi, kabla hazijatoa mbegu, zianike vizuri, zifunge mafungu uyatunze mahali pakavu. Usikate pembeni mwa shamba lililopuliziwa dawa ya kuua magugu, kwani dawa nyingine hubaki kwenye nyasi na kudhuru nyanya. Mvua zikianza Desemba, punguza tandazo lililozeeka, hasa kwenye kitalu cha miche, kwa sababu konokono hulala humo mchana wakatoka kula usiku.