Kibali cha shughuli ndani ya Arabuko: barua ya chifu haitoshi

Ndugu uliyeuliza, nimekusoma. Kikundi chenu cha vijana hapo Malindi mnataka kuingiza waendesha baiskeli arobaini ndani ya msitu wa Arabuko Sokoke, mlale usiku mmoja, na tayari mna barua ya chifu yenye muhuri. Umeuliza kama inatosha. Haitoshi. Mimi niliwahi kusimama kwenye kizuizi na barua kama hiyo, nyuma yangu matatu mbili za wanafunzi na masufuria ya pilau, tukarudishwa. Pilau tulikwenda kuila chini ya miembe Gede, watoto wakiniangalia kama mtu aliyewaibia sikukuu.

Chifu ana watu, hana miti. Arabuko ni msitu wa serikali tangu enzi za mkoloni, karibu kilomita za mraba 420, na ardhi na miti yake iko mikononi mwa KFS, shirika la misitu la Kenya. Wanyama nao wana mwenyewe: ndovu wa mle ndani ni wa KWS, shirika la wanyamapori. Kwa hiyo barua ni moja, nakala mbili. Na usiiandikie "msitu" tu. Kuna stesheni za Gede, Jilore na Sokoke, kila moja na foresta wake, yaani afisa msimamizi wa msitu. Mimi barua niliipeleka Gede kwa kuwa ndiko karibu na lami, kumbe mahali nilipotaka kulala ni upande wa Jilore. Kuhamishwa kwa ile barua kulinila wiki mbili.

Sasa hiyo barua yenyewe, maana hapa ndipo wengi tunapoanguka. Ya kwanza niliijaza maneno matamu: uhamasishaji, vizazi vijavyo, tunu ya taifa. Mama foresta aliisoma mpaka mwisho, akaivua miwani. "Mwanangu, hii ni hotuba. Mko wangapi?" Nikasema kama sitini. "Kama?" Akaendelea: mtaingia njia gani na kutokea wapi? Gari la mgonjwa litasimama wapi? Mkikuta ndovu wamesimama njiani saa kumi na moja jioni, nani ataamua mrudi? Mtapikia nini? Mtajisaidia wapi? Sikuwa na jibu hata moja. Nilitoka pale nimeloa jasho, na si la joto.

Ya pili ilikuwa ukurasa mmoja na ramani niliyoichora kwa mkono. Idadi kamili, na umri wa wadogo kabisa. Tarehe, na tarehe ya akiba. Saa ya kuingia na ya kutoka. Jina la mtu mmoja, si kamati, atakayeulizwa jambo likiharibika. Nesi mmoja, gari moja lisilobeba mzigo. Kupika kwa gesi, kuni marufuku. Takataka zote zinarudi mjini na sisi. Hiyo ilipita, lakini si bila kalamu nyekundu: spika zilifutwa (nilijua), na njia yetu ikabadilishwa, jambo ambalo sikulitarajia.

Kuhusu njia, nisikilize wewe mwenye baiskeli. Nilidhani wanatubania, kumbe walikuwa wakituokoa. Ukanda wa kati, ule wa miti ya mrihi, umekaa juu ya mchanga mweupe mlaini. Gurudumu linazama hadi unashuka na kusukuma. Upande wa magharibi udongo ni mwekundu, unashika vizuri ukiwa mkavu, mvua ikinyesha unakuwa sabuni. Kabla hujachora mstari kwenye ramani, omba upite njia yote na askari wa msitu. Anajua pia ndovu wanavukia wapi, na hilo huwezi kulipata kwenye simu.

Kulala ni habari nyingine. Sheria ya misitu ya 2016 haitaki mtu akutwe ndani ya msitu wa umma kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, ila kama anapita barabara au njia inayotambulika, au yumo kwenye shughuli kama za burudani, utamaduni au utafiti. Usiku wenu basi unawezekana, lakini uandikwe kwenye kibali waziwazi, mahali na saa. Sisi tuliutaka usiku kwa ajili ya kibundi wa Sokoke, yule mdogo asiyefika shubiri moja kwa urefu, ambaye makazi yake ni ule msitu mzito wa udongo mwekundu. Ndiyo maana spika zilikatwa. Watoto walikaa kimya dakika ishirini, muujiza wa pili baada ya kibali chenyewe.

Msipite pembeni ya wanakijiji. Wenyeji wanaopakana na msitu wana jumuiya yao ya msitu, tunaiita CFA kwa kifupi cha Kiingereza, na sheria inaitambua. Haitoi kibali, lakini foresta atakuuliza kama mmezungumza nao, na waongozaji wazuri wanatoka huko. Walipeni waongozaji siku hiyohiyo.

Pesa: ada za serikali sasa zinalipwa kwa eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, na risiti inakuja kwenye simu. Nakazia kwa sababu mara ya kwanza kuna bwana mmoja alinikuta nje ya ofisi, akaniambia anamjua mkubwa na atanisukumia faili. Nikampa elfu tatu. Faili halikusukumwa, na simu yake hadi leo haishiki. Mwenye kukuomba taslimu, hata akivaa kofia ya kijani, muulize namba ya risiti.

Umetaja pia mtu wa kupiga video. Simu zenu hazina neno. Akija na kamera za kazi na filamu ya kuuza, leseni ya kupiga filamu ni ya KFCB, bodi ya filamu, na droni ni habari ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Foresta hawezi kukupa hizo hata akikupenda. Na kama mna wazo la kumalizia kwenye kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, kama nilivyoona mmoja wenu akipendekeza, hapo msianze na ofisi. Anzeni na wazee. Kaya si kituo cha kunywa maji.

Sisi tangu barua ya pili hadi kibali ilichukua wiki tano, kwa sababu ya kulala ilipanda hadi ofisi ya kaunti. Hesabu miezi miwili na uiepuke Aprili na Mei, ule udongo mwekundu hautawahurumia. Siku yenyewe beba kibali cha karatasi, nakala kwa kiongozi wa mbele na nyingine kwa wa mwisho, mtandao mle ndani unakuja na kupotea. Mpe taarifa na OCS, mkuu wa kituo cha polisi, maana mtavuka barabara ya Mombasa. Ile barua ya chifu usiitupe. Ibane nyuma ya maombi, inaonyesha mnajulikana kwenu.