Eti baruti ni baruti tu?

SWALI: Habari za kazi. Nimepata rivolva ya kushindilia, ni nakala mpya ya ile Remington ya 1858, namba 44. Kibali ninacho ila sijawahi kufyatua hata moja. Jamaa yangu anasema baruti ni baruti tu, niweke ya kisasa kidogo. Mwingine kanitisha eti chemba zote (vile vitundu vya silinda vinavyojazwa baruti na risasi) zinaweza kulipuka kwa mpigo. Nianzie wapi? – Mgeni wa Gobore

JIBU: Kaka, huyo wa kwanza achana naye kabisa. Hiyo kitu inakula baruti nyeusi tu, au zile mbadala zilizotengenezwa kwa ajili yake, maana ile ya kisasa isiyotoa moshi presha yake iko juu mno, hata ukiweka kidogo silinda inaweza kupasuka mkononi.

Wa pili hajakudanganya, hutokea kweli. Moto hupenya pembeni ya risasi, au nyuma kwenye fataki iliyolegea (kile kikofia kidogo kinachowasha baruti), ukawasha chemba jirani. Ndo maana risasi inatakiwa iwe ya madini ya risasi laini tupu na iwe nene kidogo kuliko chemba, kwa 44 nyingi ni inchi .451 au .454, angalia kitabu chake. Ukiishindilia utaona inachongwa, inabaki pete nyembamba ya madini hayo pale mdomoni mwa chemba, inang'aa kama shilingi mpya. Pete isipotoka, au ikitoka nusu, hiyo risasi ni ndogo, usiipige. Juu yake paka grisi au tanguliza kipande cha felti chini yake.

Mwanzo tosha greni (kipimo cha baruti) 20 hadi 25 za FFFg, yaani baruti nyeusi ya chembe ndogo, pima kwa kikombe kidogo cha kupimia, usimimine moja kwa moja toka kwenye chupa ya baruti, kukiwa na cheche imebaki ndani chupa yote inakulipukia. Shindilia mpaka risasi ikae juu ya baruti kabisa, pasibaki upenyo. Na kabla ya yote piga fataki tupu chemba zote, kukausha mafuta, maana ikigoma kulia wengi wanalaumu baruti kumbe ni mafuta tu. Fataki za kupigia zivishwe mwisho, ukiwa umeshasimama kwenye mstari na mtutu unaelekea shabaha. Mimi najaza tano, nyundo inalala kwenye chemba tupu. Ikigoma kulia, usiichungulie! Iache ielekee shabaha walau dakika moja.

Sasa usafi, hapa ndo wengi tunapoponzwa. Masizi yake yanavuta unyevu, mimi siku moja nilichoka nikasema nitaosha kesho, kesho yake mtutu ndani mwekundu kama udongo wa kichuguu. Maji ya moto na sabuni siku hiyohiyo, kausha vizuri, paka mafuta. Na fungua zile chuchu zinapovishwa fataki kila ukisafisha, zikiganda utatafuta spana usiku.