Mito minane, mume mmoja, na mama mkwe yuko njiani

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nimeolewa mwaka jana, tunaishi nyumba ya kupanga Tabata, Dar es Salaam. Tuna kochi la watu watatu na viti viwili vya mtu mmoja mmoja, vyote vya ngozi ya bandia rangi ya kahawia. Mapazia ni damu ya mzee. Nilinunua mito minane ya satini ya dhahabu yenye shanga. Naiona mizuri, lakini inateleza hadi sakafuni, na mume wangu akirudi kazini anaitupa yote kwenye mkeka ndipo akae. Mama mkwe anakuja baada ya wiki tatu. Nitafute rangi gani ili sebule ipendeze?

JIBU: Marahaba mwanangu. Leo nitamtetea mumeo. Mtu kasimama kwenye daladala njia nzima, anafika kwake anakuta mito minane imekalia nafasi za watu watano! Rangi si tatizo lako. Satini juu ya ngozi ya bandia ni sabuni juu ya kigae, na ungeipaka rangi yoyote ingeteleza vilevile. Shanga nazo, mtu akisinzia kidogo anaamka na ramani shavuni.

Mimi nashona Ngamiani, Tanga, tangu enzi za cherehani ya kuzungusha kwa mkono. Mteja akianza na rangi, namwambia akae kwanza. Nina kochi kuukuu pale kibandani. Nampa mto wa inchi 16, halafu wa 18, halafu wa 20, auweke nyuma ya kiuno. Makochi ya siku hizi yana kina kirefu mno. Mtu mfupi akiegemea, miguu inaning'inia kama ya mtoto. Huyo ndiye mwenye haja ya mto, tena ulioshiba. Kwako wewe, miwili kwenye kochi na mmoja kwenye kila kiti inatosha. Mingine ni ya kuhamishwahamishwa tu.

Sasa cha ndani, maana hapo ndipo watu wanapoibiwa. Mto uliojazwa vipande vya sponji ubonyeze kabla hujalipa: ukisikia madonge leo, mwezi ujao yatakuwa mawe. Fiba ni nyepesi na inafulika, ila inabonyea upesi, kwa hiyo ijazwe kwa ukarimu. Mimi mapenzi yangu ni sufi, ile pamba ya mti wa msufi. Ni nyepesi, haina joto la sponji, na ukiuegemea mto wake unakupokea taratibu. Lakini usijaze sufi penye upepo, utaitafuta mpaka kwa jirani, na wewe mwenyewe utapiga chafya hadi magharibi. Iwekwe kwanza kwenye mfuko wa kitambaa kizito kilichobana nyuzi, kisha ndipo foronya.

Foronya iwe ndogo kidogo kuliko mto. Mto wa sentimita 45 mvalishe foronya ya 43, ndipo unajaa hadi pembeni. Zikilingana, pembe zitalegea kama masikio ya mbuzi.

Kitambaa chukua cha pamba: kikoi, kitenge au kanga. Na rangi, haya, tumefika: tafuta kanga ambayo ndani yake imo damu ya mzee, hata kama ni kwenye pindo tu, ili ishikane na mapazia. Mji wake, yaani sehemu ya katikati ya kanga, uwe wa rangi ya maziwa au manjano iliyoiva, kwa sababu kahawia juu ya kahawia itaifanya sebule ionekane kama imezimika taa. Doti moja, ukikata kwa akili, inatoa foronya sita za kipimo hicho, kwa hiyo utabaki na mbili za kubadilishia. Ila ifue kabla ya kukata. Pamba hurudi, na kanga mpya hutoa rangi. Iloweke peke yake, uisuuze mpaka maji yawe meupe.

Jina la kanga nalo lipime kabla hujapima mto. Hili limenikuta. Mteja aliniletea kanga iliyoandikwa SINA CHUKI NAWE. Nikakata, nikashona, SI ikamezwa na mshono. Mto ukatoka unasoma NA CHUKI NAWE, na kwa lugha ya barazani hiyo ni "nina chuki nawe", haina tafsiri nyingine. Ukakaa sebuleni siku nne, mpaka wifi yake alipousoma kwa sauti mbele ya wageni. Nilishona upya bure, na doti mpya nilinunua mimi. Kwa hiyo jina fupi lienee kwenye mraba, na jina refu litake mto mrefu, tuseme sentimita 30 kwa 60. Na kwa vile anayekuja ni mama mkwe, vijembe viache dukani. MGENI NJOO MWENYEJI APONE haijawahi kumkosanisha mtu na mkwewe.

Ile minane usiitupe. Fumua foronya, ubonyeze kilichomo. Kikiwa kizima, kivike kanga. Satini mpe binti yeyote wa jirani, atajua la kufanya nayo.

SWALI: Shangazi, mito yangu ya sufi imeanza kunuka uvundo baada ya masika. Niifue? – Msomaji wa Mombasa

JIBU: Usiifue, tafadhali. Sufi ikishalowa na kushikana, kuirudisha ilivyokuwa ni kazi ya kuchambua kwa vidole. Fua foronya peke yake. Mto wenyewe uanike kwenye jua kali kuanzia asubuhi, ugeuze adhuhuri, uupigepige kwa kiganja, na uuingize ndani kabla jua halijapoa, maana jioni ya pwani inarudisha unyevu wote. Fanya hivyo siku mbili tatu. Ukiona madoa meusi ya kuvu kwenye mfuko wa ndani, fungua mshono unuse. Sufi yenyewe ikiwa inanuka, hiyo ni ya kutupa. Mfuko ufue kwa maji ya moto, ujaze upya.