Semeni mlichomimina

Wadogo zangu wa maabara, jana nimemkuta mmoja wenu kabati la mvuke, lile linalofyonza hewa chafu, liko wazi, bika (gilasi ya maabara) mkononi, anatafuta chupa ya kumwagia. Aliyoichagua ilikuwa na lebo ya neno moja: "Taka". Nilimpokonya bika. Alinuna, anune tu.

1. Kwenye lebo andikeni majina ya kemikali kwa kirefu, tarehe mliyoanza kujaza, na hatari yake. Anayekuja kuchukua taka hasomi fomula zenu.

2. Hatari nne mnazijua: kuwaka, kubabua, wepesi wa kulipuka au kutoa gesi, na sumu. Hata namba za kubabua mnazo kichwani: pH, kipimo cha uasidi, 2 kushuka chini au 12.5 kupanda juu. Msichokumbuka ni kwamba kemikali moja hubeba hatari mbili. Asidi ya nitriki inababua, sawa, lakini pia ni kioksidishi kikali, yaani huchochea vitu vingine kuungua. Mimi niliichukulia kama asidi basi.

Nilikuwa mwaka wangu wa kwanza, jioni, nimechoka. Nilibakiwa na nitriki kali kama mililita 50, na chupa ya taka za asidi ilikuwa imejaa. Pembeni palikuwa na chupa kubwa ya kahawia ya viyeyushi, ndani ethanoli na asetoni. Nikamimina. Hakukutoka moshi wala povu. Nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote, nikiamini huo ndio usalama, nikaenda kuandika daftari.

Mmenyuko ule hauna haraka. Unajipasha wenyewe taratibu, gesi inajikusanya, na kifuniko nilichokaza hakikuiachia pa kutokea. Mwenzangu alikuwa amesimama mbele ya kabati chupa ilipopasuka. Kioo cha kabati kilikuwa kimeshushwa nusu. Kilizuia vigae, hakikuzuia moshi. Ulitoka wa kahawia, mzito, ukamfika usoni.

Ile ni naitrojeni dioksidi. Mtu anaweza kuivuta akajiona mzima, mapafu yakaanza kujaa maji saa kadhaa baadaye. Daktari aliuliza, "Mlichanganya nini?" Nikanyamaza. Nikasema sina hakika, labda chupa ilikuwa na kitu tangu asubuhi. Zilipita kama dakika kumi, mwenzangu anakohoa nyuma ya pazia, ndipo nikataja nitriki. Walimlaza usiku kucha wakimwangalia, akapona. Kumwaga ni uchovu na ujinga. Zile dakika kumi nilizitenda kwa akili zangu timamu, na hadi leo zinaniuma kuliko chupa.

3. Sainidi na asidi zisionane kabisa, wala dawa ya klorini na asidi. Dikloromethani na kloroformu zina chupa yake, kwa sababu viyeyushi vya halojeni kama hivi vikichomwa hutoa hidrojeni kloridi, na tanuru la kuchomea taka lazima liwe limejiandaa. Msijaze chupa hadi shingoni.

4. Etha ya zamani ikionyesha fuwele kwenye kifuniko, msiifungue, msiisogeze. Hizo zinaweza kuwa peroksidi, na kule kuzungusha kifuniko tu kunatosha kuzilipua. Niiteni, hata kama niko kwenye kikao.

Ile chupa ya "Taka" nimeiacha ndani ya kabati, kioo nimekishusha hadi chini. Ina kama nusu lita, rangi ya chai, na sijui ni nini. Aliyeanza kuijaza aje aniambie leo kabla ya saa sita. Sitamfokea.