Hesabu kwa Sauti

Nina kibanda cha uwakala wa pesa za simu hapa Mwanjelwa, Mbeya, mwaka wa sita sasa. Mahubiri mengi ya majaribu yanahusu ulevi na uzinzi. Kwangu jaribu huja likiwa limefungwa na raba, noti za elfu kumi na za elfu tano, na mteja ana haraka ya kuwahi gari.

Mwaka wangu wa pili alikuja mama mmoja muuza viazi. Akaniambia anaweka laki moja na ishirini. Nikahesabu kimya kimya, nikapata laki moja na arobaini. Nikarudia, zikawa zilezile. Wiki hiyo floti yangu, yaani pesa ya kuendeshea uwakala, ilikuwa karibu kukauka na mwenye fremu alishapita mara mbili kudai kodi, kodi ambayo asubuhi ile nilikuwa nimeiombea kwa machozi. Wazo likaja limevaa nguo za kanisani: Mungu amejibu. Nikaweka laki moja na ishirini, mama akapata meseji yake, akaondoka.

Usiku nilimwomba mke wangu aongoze maombi ya familia. Nikasingizia koo.

Nilivumilia siku tatu. Ya nne nikamfuata sokoni na elfu ishirini mkononi, nikamwambia ukweli wote. Hakunigombeza. Alikaa juu ya gunia, akaniambia kwamba alishamtuhumu mtoto wa dada yake, kijana anayemsaidia kuuza, na kijana alikuwa amerudi kijijini kwa uchungu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wizi wangu wa kimya ulikuwa umemwangukia mtu ambaye sikuwahi hata kumwona. Nilimwomba namba ya kijana yule, nikampigia mwenyewe. Ilikuwa simu ngumu kuliko zote nilizowahi kupiga.

Tangu hapo nimeisoma Mathayo 4, Ibilisi anapomjaribu Yesu mara tatu jangwani, kwa macho mengine. Yesu alikuwa na njaa ya siku 40, na kila mara alijibu, “Imeandikwa.” Majibu yote matatu yanatoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 8 na ya 6, maneno waliyoambiwa Israeli kuhusu jangwa lao, mana yao na manung’uniko yao. Yaani akiwa jangwani alitumia maneno ya jangwani. Ibilisi naye alinukuu, akachukua Zaburi ya 91. Kwa hiyo kujua mistari mingi peke yake hakutoshi, ndugu yangu. Mimi siku ile nilikuwa naijua mingi. Sikuwa na hata mmoja uliokaa kwenye droo ya pesa.

Sasa ninao. Mithali 11:1 nimeuandika kwa kalamu ya wino ndani ya kifuniko cha droo: “Mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza.” Nakushauri utafute mstari unaoligusa jambo lako lenyewe, uuweke pale pale mkono unapopita. Kama jaribu lako ni simu usiku wa manane, uandike kwenye kava la simu, na hiyo simu ilale sebuleni.

Mstari mwingine ni 1 Wakorintho 10:13, kwamba pamoja na lile jaribu Mungu “atafanya na mlango wa kutokea.” Kwa miaka mingi niliungoja mlango huo kama nguvu fulani itakayonishukia nikiwa nimeshika pesa. Kumbe kwangu mlango ni mdomo. Nahesabu kwa sauti, mbele ya mteja, tangu noti ya kwanza. Jumla ikishatamkwa, tamaa haina tena pa kujificha. Yakobo anasema mtu hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe, huku akivutwa na kudanganywa, na mvuto huo unahitaji dakika chache za ukimya. Mimi siupi.

Na wazee je? Wapo wanaonikabidhi simu na kuninong’oneza namba ya siri. Nawaambia, “Shikamoo babu, hiyo usinitajie,” namgeuzia simu abonyeze mwenyewe hata foleni ikilalamika. Kisha namsomea salio lake, namrudishia simu. Wengine huona namchosha mzee bure. Najua ninachokikimbia, kama Yusufu alivyoacha vazi lake mkononi mwa mke wa Potifa akatoka mbio.

Jambo moja bado linanisaidia kuliko ninavyoweza kueleza. Nilimweleza mzee mmoja wa kanisa habari ya zile elfu ishirini. Aliomba nami, na mpaka leo kila Jumapili baada ya ibada hunishika mkono na kuniuliza, “Mahesabu yanakaa sawa?” Ananitazama machoni mpaka nijibu. Tafuta mtu wa kukuuliza hivyo.

Luka anamalizia habari ya jangwani kwa kusema Ibilisi alimwacha Yesu “kwa muda.” Jumanne iliyopita, jioni, kijana wa bodaboda alinipa elfu hamsini za kuweka. Zilikuwa elfu sitini, na ada ya shule ya binti yangu bado haijatimia. Moyo ulidunda vilevile kama mwaka ule. Nilikuwa nimeshafika “arobaini” kwa sauti, nikaendelea: hamsini, sitini. Akacheka, akachukua noti yake, akawasha pikipiki.