Re: Epsodi ya baba aliyefokewa sinema na mkewe

Mkuu, uliuliza ni epsodi gani ya katuni ambayo baba anafokewa na mkewe ndani ya ukumbi wa sinema. Unayoitafuta ni "Colonel Homer" ya The Simpsons, katuni ya runinga ya Kimarekani, msimu wa 3, ilirushwa Marekani Machi 26, 1992. Umekumbuka vizuri: baba ni Homer, na aliyemfokea ni Marge.

Wamekaa ukumbini, Homer hanyamazi. Filamu ni ya kijasusi, yeye anabashiri kwa sauti kila kinachokuja, mpaka anawamalizia watu utamu kwa kutoboa siri ya mwisho. Watazamaji wanachemka. Marge uvumilivu unamwisha, anamwambia anyamaze, na ukumbi mzima unashangilia. Mtazame Homer usoni hapo. Kelele alizipiga kweli, lakini kuaibishwa na mkeo mbele ya watu baki kunauma, na wachoraji wamelionyesha hilo bila kulikuza.

Ile safari ya kurudi nyumbani ndiyo naipenda kuliko yote. Homer anaishusha familia, anaondoka na gari peke yake usiku, anaangukia baa ya mbali ambako mhudumu, Lurleen, anaimba muziki wa kantri kuhusu mume asiyeeleweka na mkewe. Ndipo anapokuwa meneja wake, na ndoa inaanza kuyumba. Sauti ya Lurleen ni ya Beverly D'Angelo.

Matt Groening, aliyeibuni katuni hii, ndiye aliyeiandika epsodi hii peke yake, jambo la nadra sana kwake. Anza nayo kabla ya nyingine za msimu huo.